Fungu la Tadek

Stroberi ya mwitu ya kweli haivutwi. Unaishika kwa vidole viwili, unaizungusha kidogo, nayo inakuachia yenyewe, na vile vijani vya shingoni mwake vinabaki kwenye kikonyo vimejikunja kwenda nyuma. Ipo nyingine inayofanana nayo kabisa, majani matatumatatu yaleyale, ua jeupe lilelile, lakini hiyo imevikumbatia vijani vyake, na ukiivuta inakatika navyo kwa mlio mdogo. Inalika, sikatai, ila ni ngumu, na wanunuzi wa mjini wanaisukuma pembeni kwa kidole. Na ipo ya tatu, tapeli hasa, inayochanua mapema kabla ya wenzake, petali zake zimeachana na kila moja ina pengo nchani. Hiyo utaisubiri mpaka uzeeke. Haizai kitu cha kuliwa.

Mambo haya nilimfundisha Honorata katika majira yake ya kwanza ya joto baada ya kuolewa. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake, yaani dada yangu Salomea, lakini Salomea akimfundisha mtu jambo moja anamtukana mara mbili, na nyumba yangu imepakana na yao. Kwa hiyo umande ukishakauka nilikuwa nikipita uani kwao, namwita, tunapanda wote mlimani hadi pale ambapo misonobari ilikatwa wakati wa vita. Stroberi hupenda mahali palipokatwa miti. Jua linaingia, visiki vinaoza, na baada ya miaka michache mteremko wote unakuwa mwekundu.

Honorata alikuwa mtu wa tambarare, mbali na milima yetu. Kijiji chao kilichomwa moto vitani na wazazi wake hawakutoka. Yeye alinusurika kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshamchukua, pamoja na wasichana wengine wengi wa Poland, wakafanye kazi katika mashamba yao. Vita vilipokwisha alirudi na sanduku moja, akapata kibarua cha kufua nguo nyumbani kwa padri wetu, na huko ndiko Walenty, mtoto wa dada yangu, alikomwona. Walenty ni mtu wa maneno machache. Alimwangalia msimu mzima wa baridi bila kusema lolote, kisha siku moja akaingia jikoni akamwambia mama yake kwamba anaoa.

Salomea alichachamaa. Si kwamba msichana alikuwa mvivu au mbaya wa sura. "Waliotoka Ujerumani wote wana hadithi," alisema, na aliisema kila mahali, kisimani, dukani, mpaka mlangoni mwa kanisa. Alimkalisha Honorata chini, akamuuliza mbele ya mwanawe kama naye ana hadithi. Honorata akasema hana. Salomea akaapa kwamba akija kuisikia baadaye, msichana atatoka na sanduku lake kwa mlango uleule alioingilia, ndoa iwe imefungwa au haijafungwa. Walenty aliinamisha kichwa tu. Ndivyo alivyolelewa, kumwacha mama yake aseme mpaka achoke.

Wakafunga ndoa msimu wa majani kupukutika. Walenty akawa anacheka mezani, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau.

Sasa nieleze habari ya midomo. Mchumaji yeyote wa stroberi hula. Moja kwenye kopo, moja mdomoni, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na wanawake wakishuka mlimani jioni midomo yao ni myekundu na vidole vyao vyekundu. Asiyekula ni mmoja tu, yule aliyezika mtoto. Kwetu, na hata huko tambarare, mama wa namna hiyo haonji stroberi mbichi hata moja mpaka sikukuu ya Bikira Maria wa Matunda, mwanzoni mwa Julai. Siku hiyo Mama wa Mungu anawachukua watoto waliokufa, anawapeleka kuchuma, na kila mmoja anapata fungu lake. Mtoto ambaye mama yake alikula kabla ya siku hiyo anaambiwa, wewe huna, fungu lako mama yako ameshalila. Anabaki pembeni na mikono mitupu, anawatazama wenzake wakila. Padri alikuwa akituambia kila mwaka kwamba haya si mafundisho ya Kanisa. Padri hajazika mtoto.

Mimi nilimzika Zuzia wangu kabla ya vita. Dondakoo lilimchukua akiwa na miaka minne. Tangu hapo kila Juni nilichuma nikiwa nimefunga mdomo, na vidole nikavifuta kwenye nyasi, kwa sababu ukishazoea, vidole hupanda mdomoni vyenyewe bila kukuuliza.

Na ndivyo nilivyoijua siri ya Honorata. Siku ya kwanza alisema tumbo linamsumbua, nikakubali. Siku ya pili nilikuwa nimeinama upande mwingine wa kisiki nikamwona ameshika tunda lililoiva kupita kiasi, likampasukia, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukapanda. Ukafika kidevuni. Akaushusha, akaufuta kwenye nyasi, upande huu na upande ule, akaufuta tena wakati ulikuwa umeshakauka.

 Mdomo wangu hauna breki, muulize yeyote pale kijijini, lakini yapo mambo ambayo hata mimi siyagusi. Niliendelea kuchuma nikamlaani mnunuzi wa mjini, nikalalamika juu ya mgongo wangu, nikahakikisha sitazami upande wake.

Aliyeanza ni yeye. Siku chache baadaye tulikuwa tumeketi kivulini tunakula mkate na jibini, naye anachambua majani yaliyoingia katika kopo lake. Hakuinua uso.

"Mama mdogo," akasema, "mtoto aliyebatizwa na mama yake tu, bila padri, naye anapewa?"

Nikamuuliza alibatizwa kwa maji gani.

"Ya bomba. La kunyweshea farasi."

"Na maneno uliyasema yote?"

"Niliyasema. Halafu nikayarudia, niliogopa nimekosea."

"Basi anapewa. Hata Kanisa linakubali hivyo, mtoto akiwa hatarini. Anaitwa nani?"

"Tadek."

Hakuwa amelitamka jina hilo mbele ya mtu tangu arudi nyumbani. Alilisema taratibu, akaweka kopo chini akalia, na mimi nikalia naye, maana kwa mambo hayo sihitaji kusukumwa.

Baba wa mtoto alikuwa kijana wa kwao, kibarua katika shamba lilelile. Alihamishwa kabla mtoto hajazaliwa, na Honorata hakumsikia tena. Mtoto alizaliwa katika majira ya kuchipua. Walimwachia wiki chache, kisha wakasema mfanyakazi hawezi kukaa na mtoto mgongoni, wakamchukua kumpeleka kwenye nyumba fulani walikokuwa wakiwaweka watoto wa wageni. Mama aliruhusiwa kwenda Jumapili. Alikwenda Jumapili ya kwanza akamkuta amekonda. Ya pili akamkuta amekonda zaidi, halii, anamtazama tu, na ndipo alipombeba mpaka uani akambatiza penye bomba. Jumapili iliyofuata kitanda kilikuwa na mtoto mwingine. Aliuliza kaburi liko wapi, wakamwambia arudi kazini. Njia nzima, aliniambia, kando ya barabara kulikuwa na stroberi zimeiva.

Kwa hiyo Honorata hakuwa na kaburi la kupalilia. Hakuwa na picha, wala kofia ya mtoto, na mshumaa hakuweza kuuwasha, kwa kuwa angeulizwa unamwashia nani. Alikuwa na jambo moja tu la kumfanyia mwanawe kwa mwaka mzima, kufunga mdomo wake wiki chache za Juni ili Tadek naye apate fungu. "Ni hilo tu, mama mdogo," aliniambia. "Sina lingine la kumpa."

Nilimwahidi kwamba kwangu halitatoka neno, na halikutoka. Lakini mdomo msafi unaonekana hata kama hakuna aliyesema.

Salomea alinijia mwenyewe. Nilikuwa mlangoni pangu nachagua stroberi za kupeleka sokoni, akasimama mbele yangu akanizibia mwanga.

"Mkwe wangu anashuka mlimani na mdomo msafi," akasema.

"Zinamwasha. Amekwambia mwenyewe."

"Ameniambia. Na Krismasi alikula jamu yangu ya stroberi hizihizi, akalamba kijiko mbele yangu. Hakujikuna hata pua."

"Jamu imepikwa, dada."

"Usinifanye mjinga, Apolonia. Mimi nimezaa watano na wote wazima, lakini macho ninayo."

Hapo damu ilinichemka. Hao watano wazima nimewasikia maisha yangu yote. Dada yangu huwataja kiasi kwamba mtu angedhani alizuia dondakoo kwa mikono yake, na sisi wengine tulilala usingizi. Nilimwambia amwache msichana wa watu. Nikamuuliza, si anakamua, si anapika, si amemfanya Walenty awe mtu wa kucheka, anataka nini zaidi? Salomea akasema hana ugomvi na mtu. Anataka kujua tu anakula na nani mezani. Na Jumapili, akasema, atajua.

Nilielewa mara moja. Kwetu ipo desturi ya bakuli la bibi harusi. Katika majira yake ya kwanza ya joto mama mkwe anamwandalia stroberi zilizomwagiwa malai, anamlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake mbele ya ndugu, na hapo ndipo mke anahesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Watu wenye adabu huliandaa siku ya sikukuu ya Bikira Maria au baada yake, ili asiwepo mezani mtu wa kuumia. Salomea alikuwa amelitanguliza, Jumapili iliyo kabla ya sikukuu. Hakuna sheria inayokataza. Ni ukatili tu.

Nilikwenda kumwambia Honorata, nikamkuta zizini. Aliacha kukamua lakini hakuinuka, paji la uso likiwa bado limeegemea ubavu wa ng'ombe. Akauliza kama anaweza kuugua siku hiyo. Nikamwambia Salomea atamletea bakuli kitandani, atakaa hapo hapo mpaka apone. Akauliza kama anaweza kukataa tu. Nikamwambia anaweza, na akikataa kila aliyepo mezani atajua sababu kabla kijiko hakijarudi bakulini. Basi, nikasema, mwambie mumeo. Walenty anakupenda. Mwambie leo, ajue kutoka kwako.

Akajaribu. Jioni ile walikuwa wanageuza nyasi kavu kwenye mteremko, wawili peke yao, naye alikuwa amekwisha kujipa moyo na kufungua kinywa. Walenty akamtangulia. Akamwambia kwamba mama yake anamchosha kwa maswali, anasema hivi na vile juu ya Ujerumani, na yeye mwenyewe hataki kusikia habari za zamani, anataka neno moja tu limtulize. "Niambie hakuna kitu," akamwambia. Alikuwa anatabasamu, ameegemea uma wake wa nyasi. Honorata akasema hakuna kitu.

Ilipofika Jumapili tuliketi saba mezani. Salomea alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Bakuli lenyewe lilikuwa la kaure, la mama yetu marehemu, na stroberi zilizokuwamo tulizichuma sisi wawili jana yake, mimi na Honorata, kwa kuwa Salomea alituagiza tulete zilizo nzuri kuliko zote. Malai yalikuwa mazito kiasi kwamba kijiko kilisimama.

Nilijaribu kuzuia, na Mungu ni shahidi. Nilisema, "Dada, tungoje sikukuu ipite. Sisi wengine hapa hatuwezi kula leo, unatuonea."

"Wewe unajulikana," Salomea akanijibu. "Wewe kaa na chai yako, hakuna atakayekulazimisha." Kisha akazungusha macho mezani, mmoja mmoja, taratibu. "Nani mwingine hapa hawezi kula?"

 Baba wa ubatizo wa Walenty alikohoa. Walenty alikuwa anamtazama mkewe kwa furaha, hajui lolote, ameweka mkono mgongoni mwa kiti chake. Na Salomea akajaza kijiko, akauinua mkono, akakipeleka.

Nilimwona Honorata akikitazama kile kijiko. Nilijua anachokitafuta, kwa sababu hata mimi nilikitafuta, sababu yoyote, kelele nje, moto, mtu kuanguka. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na nyumba yenye paa, na mwanamume aliyempenda, na nje ya hapo hakuna kijiji wala baba wala mama. Macho yake yalijaa maji, na wote wakadhani ni heshima ya siku ile. Akafungua mdomo.

Alitafuna. Akameza. Salomea akampa kijiko cha pili akala, akampa cha tatu. Halafu akamsukumia bakuli, naye Honorata akalimaliza lote mwenyewe, haraka, akiwa ameinamia meza, na ndugu wakacheka wakasema bibi harusi ana hamu kweli. Mimi sikucheka. Nilijua kwa nini alilimaliza. Fungu lilikwisha kuliwa kwa kijiko cha kwanza, na aliogopa kwamba akikomea hapo atapiga kelele.

Na dada yangu alilia. Hilo lazima niliseme, ingawa lingenifaa zaidi kumfanya jini. Salomea alilia kwa furaha, akamkumbatia mkwe wake, akambusu paji la uso na mashavu. Alikuwa ametaka sana ionekane amekosea. Akafungua ufunguo wa stoo ya chakula kiunoni mwake, ule ambao hata binti zake hakuwahi kuwapa, akamfunga nao Honorata, akamwita mwanangu. Tangu siku hiyo hakumtolea tena neno baya, na alimtetea kisimani na dukani kwa sauti ileile aliyomsengenyea.

Walipoanza kuimba nilitoka kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya ghala la nyasi amepiga magoti, amejiingiza kidole kooni. Kitambaa chake kipya cha kichwa kilikuwa kimeanguka kwenye majani. Alikuwa ametapika na bado alikuwa anajaribu, na kilichokuwa mbele yake chini kilikuwa cheupe na chekundu. Nikamshika mabega.

"Mama mdogo," akasema, "nikizitapika zote, zinarudi?"

Mimi ni mwanamke ambaye nina jibu kwa kila mtu. Nimewajibu maaskari, nimemjibu padri.  Yeye nilimfuta mdomo tu kwa aproni yangu, wekundu haukutoka, nikamfuta tena.

"Atasimama tu pale," akasema. "Wenzake wote watapewa. Na hajui mtu hata mmoja, hata mimi hanijui vizuri, nilimkuta Jumapili mbili tu. Ataambiwa mama yako ameshakula. Ataamini."

Nikamwambia aninyamazie kidogo, nifikiri. Nilikuwa na hasira nyingi, na sikujua nimkasirikie nani kwanza, Salomea, au Wajerumani, au huyo aliyepanga kwamba mtoto mchanga aadhibiwe kwa kijiko cha mama yake. Kisha nikasema jambo lililonijia, sikulipima.

"Zuzia yupo huko," nikasema. "Mimi sijala hata moja. Zuzia ana fungu lake zima, na ni msichana mkubwa sasa, ana miaka yake huko. Nitamwambia agawane na Tadek."

"Inaruhusiwa?"

"Nani atakataza? Mama wa Mungu? Naye alizika wake."

Akanitazama. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunitazama hivyo, alikuwa ananipima kama namdanganya. Sikuwa namdanganya. Usiku kabla ya sikukuu niliongea na mwanangu kwa sauti, jikoni kwangu, nikamweleza mtoto anavyoitwa na kwamba ni mdogo na amekonda, amtafute pembeni, kwa sababu wasio na fungu hawasogei mbele. Lakini baadaye nilianza kuhesabu kichwani, fungu moja, watoto wawili, na nikaona ni kidogo. Nikamwambia Zuzia kwamba mwaka huu mama hatakula hata siku yenyewe ikifika. Na langu nalo achukue.

Siku ya sikukuu, baada ya Misa, sisi wanawake tuliofiwa na watoto hukaa ukutani mwa kanisa, kikapu kinapitishwa, tunakula. Wengine hufumba macho. Ndiyo siku tunayokula pamoja nao. Kikapu kiliponifikia nikakipokea nikampa jirani.

Salomea alikuwa amesimama karibu, amemshika Honorata mkono, amevaa shanga zake nyekundu. "Siku imefika, Apolonia," akasema. "Kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujaonja tangu mwaka jana."

 Nilitazama chini. Naye akanitazama mimi, kisha akageuka kumtazama Honorata, ambaye uso wake ulikuwa umekwenda upande wa ukuta. Dada yangu ana macho, alisema mwenyewe. Niliona rangi ikimtoka usoni kidogo kidogo. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkono wa Honorata, na nilingoja auachie.

Hakuuachia. Alisimama hivyo, shanga zikipanda na kushuka kifuani, mpaka kikapu kilipozunguka na kumalizika. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jua ni kali, twende nyumbani. Ufunguo haukudaiwa. Hakuna swali lililoulizwa siku ile wala siku yoyote, na Walenty hajaambiwa kitu mpaka leo. Hiyo ndiyo sababu hasira yangu kwa dada yangu haijaisha, na sasa sote ni vikongwe. Alipojua, alinyamaza, na wala haikumgharimu chochote. Angeweza kunyamaza Jumapili ile, kabla ya kijiko.

Mimi sijala stroberi tena. Nachuma kila mwaka, nauza, napika jamu ya watu wengine. Honorata alipata watoto wengine watatu, nao hunicheka, wanasema bibi Apolonia anauza asichokijua ladha yake.

Lakini siku ile ya sikukuu, wakati wa kurudi, Salomea na mwanawe walitangulia na sisi wawili tukabaki nyuma kwenye njia ya mashambani.  Honorata akanishika kiwiko.

"Mama mdogo, Tadek hana meno," akasema. "Zuzia atajua kumpondea?"

Nikamwambia kwamba Zuzia alikuwa na mwanasesere wa mti, baba yake alimchongea, na kila Juni alikuwa akimlisha stroberi. Alikuwa akiiponda kwanza juu ya jiwe, anampaka mdomoni kidogo kidogo, anamfuta kidevu. Mdomo wa yule mwanasesere ulikolea wekundu, hata tulipousugua kwa majivu haukutoka. Tulimzika Zuzia pamoja naye.

"Alikuwa akiponda kwa kitu gani?" Honorata akauliza. "Kwa kijiko?"

"Kwa kidole," nikasema. "Gumba."

Akaitikia kwa kichwa. Baada ya hatua chache akataka kujua ni gumba la mkono gani, nikamwambia la kulia.